Aliko Aliyengoja Kuulizwa Tena

Mwaka umetimia, Aliko, tangu ututoke ile asubuhi ya baridi ya Juni, ukaacha maharage yako shambani hayajang'olewa.

Ya mwaka huu tumeyang'oa wenyewe. Wiki iliyopita tulikuwa uani tunapura, mimi mama yako, mkeo Tabita na binti yako Sekela. Akaja Gwakisa wa Vwawa, yule mwenzako wa jeshini. Akavua koti, akachukua fimbo, akapura nasi. Tukawa tunakuongelea, tunacheka. Ndipo Sekela akasema, tena kama utani, "Baba aliyapenda maharage. Aliyavutia kamba. Mimi hata kunibeba hakunibeba."

Gwakisa akaacha kupura. Akaniambia, "Mama, Aliko aliniapisha nisiseme. Kiapo nimekibeba mwaka mzima. Leo nakitua hapa hapa kwenye maharage." Akaketi, akatuambia. Basi tunakuandikia, mwanangu, ujue kwamba tumejua.

Kamba yako Ibaba nzima inaikumbuka. Hukupanda mbegu bila kuivuta. Mistari yako ilinyooka mpaka jirani yetu Ketrina akawa anakuchokoza kutoka ng'ambo ya mfereji: "Afande, hayo maharage yanakwenda vitani?" Nawe ukimjibu bila kuinua kichwa: "Yanapiga gwaride, mama. Ya kwako yanarudi kilabuni."

Jumamosi ulipiga rangi viatu vya nyumba nzima. Hata vya kwangu vya plastiki ulivipangusa. Kwenye kwaya ulisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Wazee wa kanisa wakikusogeza mbele, wimbo ukianza umesharudi nyuma. Tulidhani ni unyenyekevu.

Uliondoka kwetu mzima, ukaenda na wenzako kulinda amani Kongo. Ukarudi unaburuta mguu wa kulia, na kitu kingine ambacho hatukukiona. Ukapata kazi ya ulinzi Chapwa, pale Tunduma, kwenye yadi ya malori. Siku moja tairi la lori likapasuka, ukajitupa kifudifudi barabarani, mikono kichwani. Vijana wakakucheka: "Kamanda, adui yuko wapi?" Ukainuka, ukajikung'uta magoti, ukasema, "Kapita. Hakuwaona ninyi, mshukuruni Mungu." Wakacheka zaidi. Kesho yake ukafunga begi, ukarudi nyumbani.

Hapa ulilala na mkeo na mtoto majuma machache tu. Kisha ukahamia ghalani, kwenye mahindi, ukajifungia kwa komeo la ndani. Tabita akagonga, hukufungua. Wanawake wa kisimani wakamwambia, "Mwenzetu, huyo ana mwingine Tunduma." Akajitwisha ndoo yake akaja kulia kwangu. Sekela alikuwa na miaka minne. Akikukimbilia, unampa mkono kama mgeni. "Baba, mbona hunibebi?" Unamwambia, "Mguu, mama. Mguu hautaki." Lakini magunia ya mbolea uliyabeba, na mtoto alikuwa anaona.

Gwakisa ndiye aliyekuhimiza ukaombe mafao ya ulemavu, ukatibiwe pia kile kisichoonekana. Tukakupigia pasi shati, ukaenda mbele ya bodi ya madaktari. Ukarudi bila kitu. "Wamesema niko vizuri."

Kaka yako Osea akafoka. "Hukuwaambia hulali?"

"Hawakuniuliza."

"Aliko! Daktari asikuulize ugonjwa, akuulize bei ya viazi?" Akakutupia na methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukainama, ukaendelea kufunga kamba zako.

Kumbe walikuuliza. Walikuuliza mara moja.

Na sisi wa huku milimani, asiyetujua atujue leo, mtu haanzi na shida yake. Mgeni akifika, hata kama amebeba habari ya msiba, ukimwuliza habari atasema nzuri. Anapewa kiti. Anapewa chai, au uji kama chai hakuna. Akishakunywa anaulizwa tena, "Ehe, habari za huko?" Hapo ndipo neno lenyewe linatoka. Kuimwaga shida mara ya kwanza ni sawa na kuingia nyumba ya watu na matope miguuni. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea.

Basi walipokuuliza unaendeleaje, ukasema nzuri. Unalalaje? Salama. Kichwa je? Hakina neno. Ukakaa wima kwenye kiti, shati limenyooka, unangoja waulize mara ya pili. Wakaita mtu mwingine.

Uliporudishwa mbele yao tena, miaka ilikuwa imepita, nawe ulikuwa umeshakonda. Gwakisa akasema haendi mtu peke yake. Nami nikafunga chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, nikawasindikiza hadi benchi la nje. Hapo ndipo mwisho wangu. Ya ndani tumeyasikia wiki iliyopita.

Daktari alikuwa mama wa makamo. "Unaendeleaje, baba?"

"Nzuri tu, daktari."

Kalamu yake ikaanza kutembea. Gwakisa akasimama. "Samahani, daktari. Huyu ni mtu wa Ibaba. Muulize tena."

"Nimemuuliza, amejibu."

"Amekusalimia tu, mama. Kujibu bado."

Madaktari wengine wakacheka. Yule mama hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaja kufungua mlango. Hapo namkumbuka mwenyewe, maana alinijia pale kwenye benchi akaniomba chupa na kikombe. Nikampa, nikasema moyoni, maskini, hata madaktari wana njaa. Kumbe chai ilikuwa yako. Alikumiminia, akangoja umalize, akakuuliza kama mtu aliyezaliwa kwetu: "Haya, baba. Habari za huko Kongo?"

Ukaweka kikombe chini, ukasema.

Ulisema tangu kule huwezi kukaa penye mlango uliofungwa. Pumzi inakatika. Ndiyo maana kanisani ulisimama pale nyuma, nasi tukakuita mnyenyekevu. Ulisema uliota uko kule, mtu amekuinamia gizani, ukamkamata kwa nguvu zako zote. Ulipofumbua macho, uliyemkamata alikuwa Sekela. Blanketi lilikuwa limeanguka, naye alikuja kukufunika. Hakulia. Alikuwa anakutazama tu.

"Ndiyo sababu nalala ghalani, daktari," ulisema. "Najifungia nisitoke."

Aliko, mwanangu. Wewe uliyekatika pumzi kwa mlango uliofungwa, ulijifungia mwenyewe kila siku jua likizama. Na sisi nje tunasema umetuchoka.

Gwakisa anasema uliongea mpaka na yule mama akavua miwani yake akaifuta.

Mafao yalitoka, si haraka, lakini yalitoka. Kubwa kuliko hayo ulipata kliniki Vwawa, na mnesi wa kuongea naye, asiyeharakisha mtu. Ulikuwa ukirudi kutoka kwake unapiga mluzi tangu kule mferejini, Ketrina anapiga kelele, "Afande leo kaoa tena!" Ukahama ghalani ukaja jikoni. Kutoka jikoni ukaja sebuleni, ukalala mlango wazi, na baridi ya Ibaba kila mtu anaijua. Tulitetemeka wote, hakuna aliyelalamika. Ukamwambia Tabita, "Mvua zikiisha, mama Sekela, narudi chumbani." Mvua zikaisha. Kifua kikakuwahi.

Gwakisa ulimwapisha kwa sababu hukutaka mtoto akue akijua mkono wako ulimfanya nini. Tunakuelewa. Lakini na yeye amekua, yuko kidato cha kwanza, na yale aliyokuwa ameyajua badala yake yalikuwa mabaya zaidi.

Ninyi mnaosoma, mwenye kijana aliyerudi kutoka huko, akikwambia nzuri usiondoke. Mpe kiti. Kuuliza si ujinga, na kuuliza tena ni upendo.

Jumapili baada ya ibada tutakusanyika nyumbani. Chai itakuwepo, na viazi. Wanaokukumbuka ni mimi mama yako Atuganile, mkeo Tabita ambaye bado anaacha nafasi yako upande wa mlangoni, kaka yako Osea ambaye hiyo methali hataki tena kuisikia, rafiki yako Gwakisa, na Ketrina wa ng'ambo, ambaye mwaka huu amekuja kuazima kamba. Daima utakuwa kwetu, Aliko, na daima tutakuuliza mara ya pili.

Jina la Sekela tumelileta mwisho.

Siku ile, Gwakisa alipomaliza, Sekela aliuliza moja tu: "Alinishika mkono upi?" Gwakisa hakujua. Tabita hakujua. Mtoto akaitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto, akaigeuza. Akacheka kidogo huku machozi yanamtoka. "Kwa hiyo mguu ulikuwa unataka," akasema.

Akaingia ndani akachukua blanketi lako, lile ulilolikunja pembe nne na hatujalikunjua tangu uondoke. Akaenda nalo ghalani. Akang'oa lile komeo, akaufungua mlango wote, akaukwamisha kwa jiwe. Akajilaza kwenye magunia palepale pako, akajifunika mpaka kidevuni.

Tukaendelea kupura, lakini polepole. Baadaye Tabita akaenda kuchungulia, akarudi ameweka kidole mdomoni. Tukaziweka fimbo chini. Jua la mchana lilikuwa limeingia hadi kwenye magunia, na mwanao alikuwa amelala.