Kilo Tatu za Ramírez

Melo, 12 Desemba 1988

Mwanangu Líber,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hatujambo; goti la mama yako limetulia tangu joto lianze.

Watu wengi wanaokwenda uwanjani Maroñas hukosea jambo moja: hudhani mpanda farasi huogopa kuanguka. Anachoogopa ni mizani. Kuanguka huenda kusije kamwe, lakini mizani utaipanda kabla ya kila mbio, umekumbatia tandiko, na karani hana huruma. Nakueleza haya kwa sababu redio imetangaza kwamba umepewa farasi Vihuela katika mbio kuu za Ramírez, na farasi wa miaka mitatu hupangiwa uzito mdogo. Wewe una mifupa mizito ya upande wa mama yako.

Jirani yetu Coca alikuja mbio. "Mwalimu, mwanao atapanda Ramírez, na wewe umekaa kama uliyefiwa?"

Ramírez huja kila mwaka. Mwachie mwingine.

Baba yako

Montevideo, 19 Desemba

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Mwambie Mama soksi zimefika.

Baba, nina miaka ishirini na sita na sijawahi kuitwa kwa Ramírez. Nikikataa, hakuna atakayeniita tena. Natakiwa kilo hamsini na tatu pamoja na tandiko. Nina hamsini na sita. Jana mzee Pintos, anayetutunzia buti na sare, alinitazama tumbo akasema, "Líber, wewe utampanda farasi au farasi atakupanda wewe? Maana naona mnalingana." Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka.

Kaka Dardo alipunguza kilo nne kwa siku tano, na wewe ndiye uliyemsimamia. Kila mtu hapa anasema farasi asingejikwaa pale konani, marehemu kaka yangu angeshinda Ramírez ya themanini na tano. Nataka kuzimaliza mbio zake. Niandikie alivyofanya, siku kwa siku.

Mwanao, Líber

Melo, 27 Desemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Krismasi ilipita salama. Mama yako aliandaa sahani yako mezani kisha akaiondoa.

Kuhusu Vihuela: usimsukume kabla ya kona ya mwisho. Farasi mdogo hukimbia kwa hofu kwanza, nguvu hufuata. Umwache apumue nyuma ya wengine, kisha umtoe upande wa nje.

Kuhusu uzito, acha mkate na tembea asubuhi. Hilo la Dardo nimelisahau. Ni zamani.

Baba yako

Montevideo, 3 Januari 1989

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Miaka minne si zamani. Ila hukutaka kuniambia, basi.

Pintos anakumbuka: suti ya nailoni chini ya ponchi, joho zito la sufu, mizunguko mitatu ya uwanja saa sita mchana, na kutokunywa kitu. Imebaki kilo moja na nusu. Mkojo wangu umekuwa rangi ya kahawa. Leo niliposhuka kwenye mizani chumba kilizunguka, nikamshika Pintos bega. Akasema, "Kaka yako naye alinishika hivi hivi." Nilifurahi kusikia hivyo.

Mwambie Mama awashe redio tarehe sita, siku ya mbio.

Líber

Melo, 5 Januari, alfajiri

Mwanangu Líber,

Sijui u mzima kiasi gani, na ndiyo maana naandika. Barua yako imeshuka na basi jana. Nimepiga simu kwenye mabanda ya farasi mara tatu. Kila mara naambiwa uko uwanjani unakimbia. Barua hii anaileta dereva wa basi la saa kumi na mbili. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Farasi wa Dardo hakujikwaa. Nilikuwa kwenye uzio wa kona, hatua kumi tu. Hatamu zilimtoka Dardo mikononi wakati farasi bado anakimbia sawasawa, kichwa cha kaka yako kikainama, akateleza kama gunia. Daktari aliniambia jioni ile: mwili ulikuwa umekauka, moyo ukasimama kabla hajagusa ardhi. Mimi nikawaambia watu farasi alijikwaa. Wenye farasi wakampeleka machinjioni kwa kosa ambalo hakulifanya, na mama yako amemlaani miaka minne.

Suti ile niliinunua mimi. Siku ya mbio Dardo aliniomba maji mara mbili. Nilimwambia, "Baada ya mizani." Baada ya mizani akaniomba tena. Nikamwambia, "Baada ya mbio." Alinitii. Dardo alikuwa mtoto wa kutii, nami niliwafundisha ninyi wote wawili kwamba utii ni sifa.

Jana jioni nilimweleza mama yako. Aliinuka, akaingia chumba cha Dardo, akafunga mlango.

Vihuela atapata mpandaji mwingine. Watakucheka, na huenda kweli hawatakuita tena, na utanichukia. Nichukie ukiwa hai.

Ukishaisoma hii, usimalize hata mzunguko uliouanza. Vua hiyo suti, keti kivulini, na unywe maji leo.

Baba yako