Mfuko wa Kilo Kumi na Mbili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Juzi kwenye simu ulisema limetulia, lakini nilikusikia ukiguna ulipoinuka kitini, kwa hiyo usinifiche. Mimi ni mzima, ni uchovu tu. Mume wangu naye mzima, ingawa lori lake limekwama mpakani siku ya nne leo. Mwanangu Chiriku mbusu mashavu yote mawili.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na hili nataka nilimalize.

Mchezo wangu unaujua: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, mpaka wanaokuona waulize kama umerogwa. Ila kuna kitu sijawahi kukueleza. Mashindano ya mwaka yakiisha, kocha anatukataza vyote vitatu. Anasema kwa miezi minane miili yetu imekwenda mbele tu, mikono mbele, miguu mbele, mpaka misuli ya ubavuni imesahau kazi yake, na ndiyo maana tunaumia ovyo. Kwa hiyo miezi hii tunafanya mazoezi mengine kabisa. Tunafunga mpira wa kuvutika miguuni na kutembea upande upande kama kaa, tunaruka kamba, tunacheza muziki ndani ya stoo iliyo nyuma ya bwawa, katikati ya matairi makuukuu. Mwenzetu mmoja tunamwita Injini, na huyo hucheza kama anafukuza nyuki. Aliniambia mimi nacheza kama mtu aliyesimama kwenye foleni ya maji.

Nilidhani hayo ndiyo mapumziko. Mapumziko gani? Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye mashine za kufulia mashuka ya hospitali, saa nane natoka, saa tisa niko stoo nimefungwa mpira kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Wiki iliyopita kocha alituletea mifuko ya mchanga. Kila mtu akumbatie wake kifuani, azunguke stoo mara ishirini. Wangu ulikuwa wa kilo kumi na mbili. Mzunguko wa tatu nikamsikia Injini anacheka. Akasema jamani mwangalieni huyu, mfuko kaupakata kiunoni, mkono chini, na anautikisa. Nyamazeni basi, usije ukaamka ukatulilia. Wote wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, Mama. Nikajaribu kuurudisha kifuani, mikono ikakataa. Nikakaa juu ya tairi na mfuko wangu mapajani, nikalia mpaka kocha akazima muziki.

Kocha si mtu wa maneno mengi. Alichuchumaa mbele yangu akaniuliza mtoto ana uzito gani. Nikamjibu kilo kumi na mbili. Kisha nikasema sijui, hizo ni za kadi ya kliniki ya mwezi wa pili, siku chache kabla sijamleta kwako. Akauliza sasa kwa nini hujamchukua, na msimu umeisha wiki saba zilizopita.

Ndiyo, Mama. Wiki saba. Nilikuahidi kwamba mashindano ya mwisho yakipita tu nitakuja kumchukua, na kila ulipouliza nilikwambia bado, mazoezi yamepamba moto. Mazoezi yapo, lakini ni ya saa moja na nusu kwa siku, na hakuna mashindano mpaka mwaka ujao. Nilikudanganya. Si kwamba simtaki. Siku ile ulipompa simu, nilimsikia akikuita wewe mama, nawe ukaitika. Sikulaumu, ungefanyaje? Ila nilipokata simu nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, nikishapata nguvu za kuvumilia akinikimbia. Wiki ijayo ikawa saba. Mtu mzima ninayeogelea kilomita moja na nusu bila kushika ukingo, namwogopa mtoto wa miaka mitatu kasoro.

Nakuja Jumamosi. Najua utasema ameshazoea, nimwache akue kidogo. Nakuheshimu, na sitabishana nawe, lakini nitaondoka naye. Karibu na bwawa kuna mama anayelea watoto watano mchana, nimeshazungumza naye. Na msimu ukianza nikaona siwezi kubeba vyote, kocha nimemwambia waziwazi kwamba kitakachoachwa si mtoto.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwambie amkimbilie mama yake. Akijificha nyuma ya gauni lako, mwache. Mimi nitakaa hapo mlangoni nimenye viazi, nisimwite, nisimpe pipi. Atakuja mwenyewe akitaka, hata ikiwa Jumapili, hata ikiwa Jumatatu. Kazini nimeshaomba ruhusa.

Nisalimie jirani yako wa cherehani, na upokee mapenzi yetu sote wa huku.

Mwanao,
Mama Chiriku