Jumamosi za Kumwogesha Kisoda

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Anwani yako sina, namba yako haipatikani, na yule dalali aliyekupeleka Muscat kufanya kazi za ndani kila nikimfuata ana jibu lilelile: "Yuko salama, kabadilisha laini tu." Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Pengine huko uliko kuna msichana mwingine wa Temeke, atayasoma haya na kukwambia kwamba kaka yako, yule fundi makochi mwenye maneno mengi, anakutafuta.

Leo ni Jumamosi, na nimemwogesha paka wako. Hii ni Jumamosi ya sita bila simu yako.

Unakumbuka nilivyokataa kazi hii? Ulikuwa unafunga begi, mama amekaa mlangoni anajifanya hakuoni. Kisoda ulimwokota nje ya duka akichezea visoda vya chupa, mdogo wa kuenea kiganjani, na mama alikubali akae kwa sharti moja: aoge kila wiki. Maana paka huyo hulala kwenye mabaki ya sponji pale karakana kwangu, na akirudi ndani na lile vumbi, kifua cha mama kinabana usiku kucha. Nikakwambia mwanamume mzima siwezi kuogesha paka uani mbele ya wapangaji. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Kaka, we si unabeba makochi ya watu kichwani? Paka wa kilo tatu ndo akushinde?"

Ukanifundisha asubuhi ileile. Mabeseni mawili, moja la sabuni, moja la maji safi. Maji ya uvuguvugu, unayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Unamwagia kwa kikopo, na kichwani humwagii kabisa. Lakini kwanza unatandika gunia ndani ya beseni, chini kabisa, apate pa kukaza kucha.

"Akiteleza anaogopa, akiogopa anakuwa chui," ulisema. "Mpe pa kushika, atatulia."

Basi nikawa Baba Paka. Ndivyo wapangaji wanavyoniita hadi leo, na wewe ndiye wa kulaumiwa. Kila Jumamosi saa nne, mabosi wako wakienda kwa wakwe zao, ulibaki na saa moja yako peke yako katika wiki nzima, na saa hiyo ulitupa sisi. Nilikuwa naegemeza simu kwenye ndoo iliyopinduliwa ili utuone. Unanielekeza, unanicheka, unamwimbia paka. Nilikuwa najifanya nimechoshwa, lakini Ijumaa jioni nilishachota maji.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Jumamosi ile ya mwisho gunia nilikuwa nimefunika nalo kochi la mteja, mvua ilinyesha alfajiri. Nikaona uvivu kulifuata. Mara moja tu haidhuru, nikasema. Uliponipigia hukucheka, na ulikuwa umejifunika mtandio mpaka karibu na macho. Mambo hayo niliyaona, Zuhura. Niliyaona nikayapita.

"Kaka, leo nina jambo. Ila usimwambie mama."

"Ngoja kwanza nimshike huyu shetani wako."

Ukangoja. Ukasema, "Haya, mshike."

Kisoda akateleza kwenye lile beseni tupu, akaruka, akanichana mkono, akaikumba simu ikatumbukia kwenye maji ya sabuni. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilimkimbiza paka mpaka chooni nikicheka na wapangaji. Simu niliifukia kwenye mchele siku mbili. Ilipowaka nikakuta umepiga mara saba, zote ndani ya ile saa yako moja. Nilipokupigia, ulikuwa hupatikani tena.

Tangu siku hiyo situlii. Napiga misumari miwili, natazama simu. Juzi nimeshona mto wa mteja kitambaa kikiwa kimegeuzwa ndani nje, na mteja akanitazama kama mlevi. Nikilala nayatunga maneno yako: labda ulikuwa unaumwa, labda ulitaka kurudi, labda umepata mchumba na mimi najitesa bure. Nachagua la mchumba, halafu nakumbuka ule mtandio. Kila ofisi niliyokwenda kukuulizia nimeandika jina lako mpaka nimezoea kuliandika. Wananiambia nisubiri.

Mama sijamwambia, kwa sababu ulisema nisimwambie. Akiuliza nasema mtandao, mama, mtandao unasumbua huko. Nilidhani ameniamini. Leo asubuhi nimeweka maji, nikamshika Kisoda shingoni, mara namwona mama anatoka ndani amejiziba pua kwa upande wa kanga, mkononi ana gunia. Akaliinamia beseni, akalitandika mwenyewe, akalipapasa lisikunjike.

"Na hiyo simu iweke mbali na maji," akasema. "Mwanangu akipiga, safari hii umsikilize."

Sijui nani kamwambia. Labda hakuna. Akakaa kwenye kigoda palepale, pamoja na kile kifua chake, hakuondoka mpaka saa tano.

Nisamehe, mdogo wangu. Ulinipa kazi ndogo na nikaitumia kukunyamazisha. Popote ulipo, omba simu ya mtu yeyote, hata kwa dakika moja. Namba yangu ni ileile na sitaibadilisha. Jumamosi saa nne tutakuwa uani, mama, mimi na paka wako. Gunia limetandikwa, simu iko dirishani, na Kisoda nimemshika, Zuhura, wala hapigani.

Sema sasa.

Kaka yako