Unga wa Ng'ambo ya Tiva

Kanyangi,
Kitui.
9 Agosti 1997

Mpendwa mwanangu Ndeti,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, mkeo Muthoki na wote mlioko huko Mombasa ni wazima. Mimi si mzima, na sitakudanganya kwa sababu ya adabu. Kifua kimenikaba tangu Juni. Daktari ameniambia nile chochote ninachotaka, na mwalimu mstaafu anaelewa maana ya ruhusa kama hiyo.

Mbaazi zimetoka vizuri mwaka huu. Mahindi usiulize.

Barua yako ilifika. Macho yangu hayashiki tena mwandiko wako mdogo, kwa hiyo aliyenisomea ni Kalondu, binti yako anayenitunza. Aliisoma bila kuruka neno, hata pale ulipoandika kwamba mjukuu wa Mutunga shujaa hataolewa na mjukuu wa Nzuki mwizi wa unga. Alipomaliza aliniuliza, "Babu, nikuongezee chai?" Aibu niliyoona ni yako. Nakurudishia.

Sasa nisikilize. Wakati wa njaa tuliyoiita Atta kwa ajili ya ule unga, mwaka wa sitini na tano, wewe ulikuwa mtoto. Unachokumbuka ni kushiba tu.

Nzuki alikuwa naibu wa chifu na ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la unga wa msaada. Hakuna aliyepewa kabla ya kuchimba bwawa. Shangazi yako Mbinya alichimba akiwa na mimba kubwa. Mimi aliniambia mbele ya wanafunzi wangu, "Mwalimu, chaki haichimbi. Shika jembe ama ule vitabu vyako!" Nilimchukia siku hiyo. Namchukia hata leo, ingawa ng'ombe wangu wanakunywa maji ya bwawa lilo hilo.

Baba yako, ndugu yangu Mutunga, alivunja mlango wa ghala, nasi tukabeba mpaka sakafu ikabaki nyeupe. Wanawake walimtungia wimbo, na hadi leo wanauimba kwenye mwethya wakichimba pamoja. Alikuwa jasiri, sikatai. Lakini wimbo hausemi kwamba nusu ya magunia yale ilikuwa ya watu wa ng'ambo ya mto Tiva, ambao zamu yao ilikuwa kesho yake. Baba yako alijua. Mimi pia nilijua. Walipokuja na vikapu vitupu, vijana wetu waliwacheka: "Mmechelewa, jamani! Lambeni mlango!"

Nzuki ndiye aliyewavushia ng'ombe wake mwenyewe wakachinjwa. Usimfanye mtakatifu, maana wengi wa ng'ombe hao alitutoza sisi kama faini. Halafu mvua tuliyoiombea ikanyesha, mto ukajaa, lori la unga likashindwa kupita, na nyama ikaisha. Ng'ambo walizika watoto. Nenda huko leo umtaje Mutunga. Watakuuliza, "Yule mwizi wa unga?"

Mkubwa mmoja wa serikali alipofika kuchunguza, mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza. Nilimwambia kwamba Nzuki aliuza unga, kisha akavunja mlango mwenyewe ili kuficha. Nilitaka kumwokoa ndugu yangu, na nilitaka Nzuki aumie. Lipi lilitangulia moyoni, sijui. Alifungwa, akarudi mtu wa kukohoa, akafa na jina nililompa. Matusi unayomtupia kijana wa watu ni uongo wa baba yako mdogo. Mungu nimeshamwambia. Uliyebaki ni wewe.

Wala usiniamini kupita kiasi. Hata anayekaribia kaburi ana upande wake. Mbinya ana haki kuliko mimi ya kumchukia Nzuki, na Kalondu alipomsomea barua yako alisema, "Nzuki nilimchukia kwa mgongo wangu, si kwa mjukuu wake. Huyo Ndeti alichimba wapi?" Mjibu, kama una jibu.

Uliagiza kwamba mbuzi wa ntheo wakiletwa wafukuzwe. Waliletwa Jumamosi iliyopita. Baba yako hayupo, na wewe uko mbali, kwa hiyo mkono wa kupokea ulikuwa wangu, nami nimepokea. Dume tulimchinja, wazee wa ukoo wakala, na Mbinya akatafuna ubavu kwa ufizi. Mila yetu unaijua kama mimi: mbuzi wa ntheo akishaliwa, binti ni mke wa watu. Ukitaka kuivunja ndoa hii, njoo ututapishe mmoja mmoja. Uanze na mimi, na uharakishe.

Msalimu Muthoki, na umwambie bintiye anacheka tena. Msalimu pia jirani yenu Musyoka na watoto wake. Mungu akupe uzee mrefu, na ndani yake akupe mtu asiyekuogopa.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Baba yako mdogo,
Nzomo