Mwani Haushibi

3 Machi

Kwako Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na watoto hatujambo, ila samaki ndio wagonjwa. Simu huku mabwawani haishiki, na hata ikishika wewe hujibu "eeh" kwa kila swali, kwa hiyo nimempa barua dereva wa lori la barafu, maana akishachukua samaki wetu hupita kwako.

Mabwawa aliyotuachia mama yananuka. Tunavuta maji ya bahari kwa pampu, lakini siku chache tu yamekuwa kama supu. Samaki wanashinda juu wakihema. Kaka anasema wakifa tena safari hii anauza eneo lote, nami sina pengine pa kushika. Umefundisha baiolojia maisha yako yote. Nifanyeje?

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Mimi mzima, ukiacha masikio, ambayo yalistaafu kabla yangu.

Sasa twende taratibu. Samaki naye hutoa mkojo, mwingi hupitia mashavuni, na anaishi humo humo. Fikiria kulala chooni na mlango umefungwa. Lakini sumu hiyo kwa mwani ni chakula, kama samadi kwa mahindi. Chimba mfereji wa kina kifupi kando ya bwawa, penye jua. Funga vipande vya mwani kwenye kamba, uzitandaze humo. Pampu ipitishe maji ya bwawa mferejini, kisha yarudi kwa samaki yakiwa safi. Mwanzoni usiuguse, uache ushike. Wala usihofu kwamba siku moja utakinai. Mwani haushibi.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo! Sisi wazima, na leo samaki pia wazima! Maji yanaonyesha mpaka chini. Nimeiona ndoo iliyozama mama akiwa hai. Kaka alichuchumaa akaitazama. Amesema mnunuzi wa eneo asubiri kwanza tuvue.

Mwani umejaa mfereji mzima, umeshikana kama godoro. Jirani ananiita Mama Mwani, anauliza nitaanza lini kushona mito. Sijakata hata uzi mmoja, na watoto wakiuchezea nawafukuza. Wa chini umeanza kuwa mweupe, nadhani ni uzee. Unakula tu, kama ulivyosema.

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Kata! Salamu baadaye.

Mwani haushibi maadamu unakua, na ukibanana haukui, kwa sababu jua halifiki chini. Elewa hivi: uchafu haukupotea, umehama tu kutoka majini ukaingia mwilini mwa mwani. Uchafu utatoka bwawani siku utakapoubeba mwani wenyewe na kuutoa nje. Mwani ukifia humo utaoza, na utarudisha kwa mkupuo kila ulichokula. Ule mweupe si uzee. Umeshaanza kufa. Anza na huo, kisha vuna hadi ubaki nusu, na ufanye hivyo kila unapojaa.

Dereva anapiga honi mlangoni, hata mimi namsikia.

Mjomba wako

19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Watoto hawajambo.

Barua yako imefika leo. Lori lilivunjika ekseli lilipotoka kwako, likalala gereji, nayo barua ikakaa juu ya dashibodi hadi ikawa njano. Dereva ameniomba radhi kana kwamba samaki amewaua yeye.

Samaki walipoanza tena kuhema nilidhani mwani ni mchache. Nikaongeza kamba. Likaja joto, mwani ukayeyuka wote, na asubuhi samaki walikuwa wameelea matumbo juu, ukuta hadi ukuta. Tuliwazoa kwa beleshi. Kaka hakugomba. Ameuza eneo. Mabwawa yatafukiwa, nasi tunahamia kwa shangazi yao watoto, chumba cha uani.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Yanaeleweka vizuri sana, Mjomba. Ukiandika tena, usinieleze kitu.

Mpwa wako

4 Julai

Mpwa wangu,

U hali gani?

Mjomba wako

27 Agosti

Mpwa wangu,

Dereva amenirudishia ile barua. Anasema huko hapiti tena, hakuna samaki wa kuchukua, pamebaki kifusi. Shangazi wa watoto simjui anakokaa, na namba yako haipatikani. Nimemwomba akae na hii kwenye lori, huenda akakuona njiani.

U hali gani?

Mjomba wako