Klachi ya Afande Oyat

Julienne, nimempiga Afande Oyat, yule jirani yetu mwanajeshi. Mimi. Kwa spana, kichwani.

Alileta gari hapa nyumbani ili kaka Dady atengeneze klachi ya kompresa ya AC, maana ilikuwa haishiki na gari halitoi baridi. Dady akatoa pete moja nyembamba kupunguza nafasi ndani ya klachi, akasugua sahani yake kwa msasa mpaka ikang'aa. Wakawasha injini. Klachi ikashika, baridi ikatoka.

Afande akainama kutazama. "Hii sahani ni mpya. Ya kwangu umeiuza wapi, wewe Mkongomani?"

"Nimeisafisha tu, afande."

"Mimi nimezaliwa jana?"

Akashika mkono wa Dady akausukuma kwenye mkanda wa injini unaozunguka. Aliusukuma, Julienne. Kwa makusudi. Vidole viwili vimechanika.

Unajua mimi husema kila mara tukae tuzungumze. Sikusema. Nilimpiga mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshaanguka.

Sasa Dady amempakata kichwa, anamfunga jeraha kwa shati lake, kwa mkono uleule unaovuja damu. "Usilale, afande. Niangalie mimi."

Kila nikisogea kusaidia, Dady ananiambia, "Wewe kaa huko."