Room 3 Haina Kitanda

Bi Tausi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa sijui nilie ama nicheke, kwa hivyo nisome pole pole kisha unijibu haraka, maana Jumamosi inakuja na nyumba yangu inataka kubomoka. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Ruiru na mume wangu Githae, ambaye anafanya kazi kwa kiwanda kimoja cha juisi kule Eneo la Viwanda Thika, mtu mpole wa kanisa, hanywi, havuti, na sikuwahi kumshuku hata siku moja hadi kazini walipomwambia kwamba akitaka kuwa supavaiza lazima apate cheti cha ukaguzi wa ubora, na cheti chenyewe kinasomewa mtandaoni jioni, ndipo akanunua laptop iliyotumika na shetani akaingia nayo kwa nyumba.

Mwanzoni aliniita, akasema, "Mama Kagwe, kuja ukae hapa tujifunze hii kitu pamoja," nikamjibu kwamba chapati haziwezi kujipindua, na baada ya hapo hakuniita tena, akaanza kujifungia chumba cha kulala na earphone masikioni ati watoto na TV wanampigia kelele, na mimi nikipita na ndoo ya maji nasikia maneno ambayo mwanamke wa heshima hafai kuyaandika lakini nitakuandikia. "Niko hapa nje, host hajanifungulia." "Zima kamera, itaingia poa." "Idah, umejifunga, jifungue tukusikie." "Nimeinua mkono lakini hakuna mtu ananiona." Na akishamwita huyo Idah, Githae anacheka, Bi Tausi, anacheka kicheko ambacho mara ya mwisho mimi kukisikia tulikuwa bado wachumba.

Nikavumilia, halafu siku moja akiwa bafuni simu yake ikaingia ujumbe: "Githae, Jumamosi tuko room 3 na Idah, usichelewe kuingia, ni wewe tunangoja." Niliupiga picha, nikampelekea rafiki yangu Waruguru wa saluni asome na macho yake, na yeye akazima hata ile mashine ya kukausha nywele, akaniambia, "Woiye, kumbe room hata iko na namba. Huyo ameenda, msupa."

Jumamosi ikafika, chama chetu cha wamama kilikuwa kwangu, wamejaa sebuleni hadi wengine wakaketi kwa kitanda, na Githae akatia laptop kwa begi akasema anaenda Kamakis kwa sababu kuna mahali pa nyama choma pako na WiFi ya bure, sasa niambie wewe, nani huenda kwa nyama choma kusoma, basi nikawaachia wamama chai, nikapanda boda nikamfuata, na kufika huko nikaona juu ya hiyo nyama choma kuna vyumba vya kulala wageni. Kila kitu kikaeleweka. Nikapanda ngazi, room 3 nikaipiga teke, na ndani nikakuta mzee mmoja amevaa kaptula akipiga suruali pasi, akaniangalia, akauliza, "Maitu, ni maji ya moto umeleta, mama?" Niliangalia hadi chini ya kitanda, hakuna mtu, nikashuka, nikampata Githae ameketi kando ya jiko la kuchomea mutura na soda moja, anaongea na laptop kwa Kizungu cha kuvaa tai, na mimi nikajua ameshatoka huko juu kwa mlango wa nyuma.

Kwa laptop kulikuwa na nyuso zimepangwa kama picha za pasipoti, nikauliza, "Idah ni nani hapa?" Mama mmoja wa miwani, kichwa kimejaa mvi, akasema, "Ni mimi, mama. Kuna shida?" Nikamweleza shida yenyewe, nikamweleza na ukoo wake. Mwalimu wao, anaitwa Nzioki, akaingilia, "Mama, please mute yourself," nikamuuliza anamnyamazisha nani, na hivyo vyumba anavyogawia watu wa ndoa vinamfaidi nini, kisha nikafunga laptop kwa nguvu. Baadaye ndio naambiwa hapo ilikuwa zamu ya Githae kueleza kazi ya kikundi chao, na ati yote yamerekodiwa.

Tangu siku hiyo hanisemeshi, analala kwa kochi, laptop hataki kuiona, na nimemsikia akimwambia ndugu yake kwa simu kwamba hawezi kurudi mbele ya wale watu, heri abaki na mashine yake ya kufunga chupa hadi astaafu. Nikaifungua hiyo laptop mwenyewe nitafute ushahidi, nikapata mwalimu amemwandikia kwamba asipojitokeza Jumamosi hii kueleza hiyo kazi, kozi ataianza upya mwaka ujao, na hicho cheo kina mtu mwingine amekikodolea macho. Lakini kitu kilichonimaliza kabisa ni password. Alinipa siku moja kabla ya haya yote, akiwa shifti, akanielekeza kwa simu nimtumie kazi yake kwa mwalimu, nikaiandika: ni Wanja, yaani jina langu mimi, na mwaka tuliofunga ndoa, ——. Mtu anatumia jina la mke wake kufungulia mlango wa kwenda kuona wanawake wengine. Sasa nimshtaki kwa wazee wa kanisa, nirudi kwetu Gatanga, ama nivunje hii laptop?

Ni mimi,
Mke Aliyechezewa, Ruiru

*

Mke Aliyechezewa,

Umejificha vizuri sana nyuma ya hilo jina la bandia, kisha ukatuandikia la kweli ndani ya barua. Mwaka nimeufuta mimi. Jina nimeliacha makusudi, na sababu nitakupa mwishoni.

Kwanza pole. Mume akijifungia na kucheka na watu usiowajua, wewe uko nje na ndoo, na hakuna aliyekueleza kinachoendelea, hilo linauma na sitakucheka kwa hilo. Pole imeishia hapo. Yaliyobaki nitakucheka.

Room 3 haina kitanda, Wanja. Haina ukuta, haina mlango wa nyuma, haina hata kile kipande kidogo cha sabuni. Darasa la mtandaoni likiwa na watu wengi, mwalimu hubonyeza mahali likagawanyika vikundi vidogo, kila kikundi kikaongea peke yake kwa muda, kisha akawarudisha wote pamoja. Hivyo vikundi ndivyo vinaitwa room, na kila mtu aliyemo yuko kwake, pengine na blanketi miguuni. Katika hadithi yako yote kuna room 3 moja tu yenye kitanda, ni ile ya mzee wa kaptula, na aliyeingia humo ni wewe.

Host ni mwalimu mwenye kikao. Asipokuruhusu unangoja nje kama mgeni kwa geti, ndiyo maana mumeo alikuwa akilalamika. Kuinua mkono ni kubonyeza kialama cha kiganja ili upewe nafasi ya kusema. Kamera huzimwa kwa sababu picha inakula bando na sauti inakatikakatika. Idah alikuwa amejifunga maikrofoni, si kitu kingine, na hiyo ndiyo mute: unafunga sauti yako ili wenzako wasisikie TV yako, watoto wako na, kwa kesi yako, historia ya ukoo wa mtu. Mwalimu Nzioki alipokuambia ujimute hakukutukana. Alikuwa akikurushia kamba, ukaitumia kumchapa nayo. Na ndiyo, kurekodiwa ni kweli. Waliokosa kipindi hukiangalia baadaye, na sidhani kama kuna kipindi kingine cha ukaguzi wa ubora ambacho watu watakirudia namna hiyo.

Unaniuliza nani huenda kwa nyama choma kusoma. Huenda mtu ambaye kitanda chake kimekaliwa na chama. Hebu fikiria ulichokiona mwenyewe: mwanamume mzima, Jumamosi, Kamakis, kando ya jiko la mutura, na amenunua soda moja. Huyo anasoma. Hakimu yeyote angemwachilia kwa hiyo soda peke yake. Lakini wewe ulikuwa na shahidi wako Waruguru, ambaye ni fundi wa nywele, na ukampelekea ujumbe wa mumeo badala ya kichwa chako.

Sasa nisikize bila kicheko. Mtu mzima anayerudi darasani huingia na aibu tayari. Anaogopa Kizungu, anaogopa kubonyeza mahali pasipofaa, anaogopa wenzake wajue hajui. Githae alikuita uketi naye siku ya kwanza. Hakukuita kwa kuwa anajua. Alikuita kwa kuwa alikuwa anaogopa na hakutaka kuogopa peke yake. Chapati haziwezi kujipindua, ni kweli, lakini kwenu mngeweza kula ugali. Ungeketi, ungemjua Idah na mvi zake, na leo kochi lingekuwa la kukalia tu. Lile jambo aliloliogopa zaidi, la kuaibika mbele ya wale watu, umemfanyia wewe.

Kwa hivyo wazee wa kanisa waache wapumzike. Gatanga iache, mama yako ana shughuli zake. Laptop usiiguse kwa nyundo. Leo jioni kaa kwa hilo kochi kabla yeye hajalala, umwambie umekosa, na usitie neno "lakini" mahali popote. Kisha muandikie mwalimu Nzioki umwombe dakika chache mwanzoni mwa kipindi cha Jumamosi. Kuandika unajua, nimeona. Chama kikafanyiwe kwa Waruguru, maana ana mengi ya kuwaeleza. Watoto waende kwa jirani, TV izimwe, bando inunuliwe mapema ili mtu asiende Kamakis. Jumamosi ikifika keti kando ya mumeo, kamera wazi, inua mkono, ule wa kialama, si ule uliokwenda nao kwa nyama choma, na ungoje host akupe nafasi. Muombe Idah msamaha kwa jina lake. Mama aliyevamiwa darasani na bado akauliza kwa upole kama kuna shida, huyo atakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Ukimaliza, jimute. Halafu usiondoke. Kaa hapo hapo mumeo akieleza kazi yake, hata kama huelewi neno, na asiposikika mwambie amejifunga.

Wala usiniambie mambo ya mtandao yamekupita. Siku ile ya shifti ulifungua, ukaingia, ukatafuta kazi, ukaituma, ikafika. Hiyo ndiyo wenyewe wanaita kusabmit, na kuna wenye digrii wanaolia hapo. Kozi za wanaoanza zipo nyingi. Githae alishakupa nafasi kwenye kiti, kiti bado kipo.

Nimebakisha password. Password ni ufunguo, na mtu huchagua ufunguo asioweza kuusahau hata akiwa amechoka vipi. Huyo mwanamume anatoka Thika jioni na kelele za mashine bado ziko masikioni, anakalia kitanda, anafungua laptop anayoiogopa, na kabla hajaingia room yoyote ya mtu yeyote, anaandika kwanza jina lako na mwaka uliokubali kuolewa naye. Kila jioni. Ndiyo maana jina sikulifuta. Mwambie aibadilishe leo, kwa sababu nusu yake imesomwa na nchi nzima. Abadilishe nambari. Jina, muombe aliache.

Bi Tausi